Jina la utani ni la nani: aliyelitoa au anayeitwa?

Swali: Naongoza kitengo chenye watu 12. Karibu kila mtu ana jina la utani na mengine yana miaka mingi: yupo Bonge, yupo Kipara, yupo Profesa, yupo Dakika Tano, ambaye hiyo ndiyo ahadi yake kwa kila kazi. Kuna dada mmoja mkimya, tunamwita Bubu. Mwezi huu watu wawili wamenifuata kwa faragha. Bonge hataki tena kuitwa Bonge. Wa pili halalamikii jina lake, analalamikia la mwenzake: ana mtoto asiyesema, na kila akisikia "Bubu" moyo unamchoma. Nilipogusia jambo hili kwa wengine wakaniambia siku hizi watu wamezidi ulaini, kwamba hatuna nia mbaya, na kwamba Bubu mwenyewe hucheka. Je, majina ya utani yanakubalika pale baadhi ya watu wanapoudhika? Au niyapige marufuku yote?

Jibu: Usiyapige marufuku yote, na usiyapigie kura. Jina la Bonge liishe wiki hii kwa sababu mwenyewe amelikataa, na sababu hiyo peke yake inatosha. Jina la Bubu nalo liishe, hata kama mwenyewe hucheka, ila kwa sababu nyingine kabisa ambayo nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Profesa na Dakika Tano yanaweza kubaki ukishawasikia wenyewe. Kipara, kamuulize.

Kwa nini mwenye kauli ni anayeitwa

Jina la utani ni wito. Halikamiliki mpaka mtu aitike. Anayelitoa hutamka neno mara moja, akacheka, akaenda zake. Anayeitwa ndiye anayegeuka kila likitajwa, asubuhi hadi jioni, mbele ya wenzake na mbele ya wageni. Mzigo wote uko kwake, na ndiyo maana kauli ya mwisho haina budi kuwa yake.

Hoja ya "hatuna nia mbaya" ni ya kweli mara nyingi, lakini haijibu swali. Mwaka 2006 Justin Kruger na wenzake, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha utafiti uliolinganisha namna mtaniaji na mtaniwa wanavyouona utani mmoja. Mtaniaji huuona mwepesi kuliko anavyouona mtaniwa. Sababu inaeleweka ukiitafakari: mtaniaji anaijua nia yake, kwa hiyo anasikia maneno pamoja na upendo uliomo nyuma yake. Mtaniwa hana dirisha la kuchungulia moyo wa mwenzake. Anachokipata ni neno lenyewe na kicheko cha waliosimama pembeni. Kwa hiyo mtu akikwambia "nilikuwa natania tu," amekupa habari za moyo wake. Habari za jina lenyewe bado unazo kwa aliyeitwa.

Hoja ya wingi nayo haina uzito. Watu 11 kati ya 12 hawaoni tatizo kwenye jina la Bonge kwa kuwa wao si Bonge. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walishasema. Ukitaka kulipima kwa haki, usiulize wangapi wanaridhika nalo; uliza ni nani kati ya walioridhika yuko tayari kubadilishana jina na mwenzake kwa mwezi mmoja.

Kuna na lile neno "mbona alikubali miaka yote?" Ruhusa ya jina la utani si hati ya kiwanja. Ni ya kuazimwa, na aliyeitoa anaweza kuichukua tena. Mtu huongezeka uzito, huugua, hupewa cheo, hufiwa, huanza kuletewa watoto wake kazini, na jina lililokuwa jepesi juzi likawa zito leo. Tazama lililompata Gaius, mtawala wa Roma kuanzia mwaka 37 hadi 41. Utotoni alikaa kambini na baba yake, jemadari Germanicus, akivishwa vibuti mithili ya vya askari, na askari kwa mapenzi wakamwita Caligula, yaani Kibuti. Alipokwisha kushika dola, mwanafalsafa Seneca anasimulia, ofisa wa jeshi aliyemwita kwa jina hilo hakusalimika. Gaius alikuwa mtawala katili na simtetei hata kidogo. Ninachotaka ukione ni kwamba jina halikubadilika herufi hata moja na huenda mtamkaji hakuwa na ubaya. Aliyebadilika ni anayeitwa.

Kucheka si kukubali

Hapa wakuu wa vitengo wengi hukosea. Mtu akibandikwa jina mbele ya kundi ana njia mbili tu za haraka: acheke au anune. Akinuna ataambiwa hana utani, anajisikia, na pengine atapewa jina jingine baya zaidi. Basi hucheka. Kicheko hicho ni nauli anayolipa ili abaki ndani ya kundi, na hakikuambii anajisikiaje.

Acha kicheko, tazama mambo mengine. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: je, mwenyewe hulitumia jina hilo bila kusukumwa? Profesa anayepiga simu na kusema "Profesa hapa, nipe stoo," amelichukua jina likawa lake. Bonge anayejitambulisha kwa kila mgeni kwa jina lake la kuzaliwa, asiyeandika "Bonge" popote kwa mkono wake, amekuwa akikujibu kwa muda mrefu bila wewe kumsikia. Tazama pia nani anaanza kucheka. Anayeridhika na jina lake hucheka pamoja na wengine au kabla yao. Asiyeridhika huchelewa kidogo, huangalia nyuso kwanza, kisha hutabasamu mdomo peke yake, macho yakibaki yalivyo. Halafu sikiliza likitajwa mbele ya mteja, mke, mume au mtoto. Mtu aliyekuwa anazungumza vizuri akakata maneno hapo hapo, umepata jibu.

Hata hivyo ishara si ushahidi kamili. Mwishowe ni lazima uulize, na namna ya kuuliza ina kanuni zake, nitazieleza chini.

Jina linalomgusa asiyeitwa

Sasa tuje kwa Bubu, maana hapa ndipo swali lako lilipo zito.

Majina ya utani huchotwa visima tofauti. Mengine hutoka kwenye tukio au mazoea ya mtu mmoja: Dakika Tano ni mali ya mtu mmoja tu, hakuna kabila la watu wa dakika tano duniani. Mengine hutoka kwenye ustadi, kama Profesa. Mengine hutoka kwenye mwili: unene, upara, urefu, makovu. Na mengine hutoka kwenye kitu ambacho mtu anashiriki na kundi zima la watu: ulemavu, rangi, kabila, dini, jinsia, umri, ugonjwa. Kisima hiki cha mwisho kina tofauti moja kubwa na vingine. Jina likitoka humo, unapomwita mmoja umewaita wote, na umewaambia wote kwamba hali yao ni kitu cha kuchekesha.

Kwa hiyo hata kama dada yenu angekuja mbele yako akaapa kwamba analipenda jina la Bubu, ruhusa yake isingetosha. Anaweza kutoa ruhusa ya kutaniwa yeye. Hana uwezo wa kuitoa kwa niaba ya mtoto asiyesema wala mzazi wake. Neno lile kwa mzazi huyo si mzaha wa ofisini; ni lile lile analolisikia mtoto wake akitupiwa njiani. Anakuja kazini, anakaa mezani, analisikia tena, safari hii likifuatwa na kicheko cha wenzake anaowaheshimu. Huo si ulaini. Yeyote mwenye mtoto wa namna hiyo angelisikia vivyo hivyo.

Na kuna jambo la pili kuhusu jina hilo, ambalo ningekuomba ulitazame kwa macho yako katika mkutano ujao. Dada akiinua mkono kusema, je, kuna anayedakia "leo Bubu kasema!"? Wote wakicheka, mtazame: atamaliza nusu ya alichokusudia, au atasema "basi, si kitu." Jina linalotaja upungufu hulinda upungufu huo usiondoke. Kila akijaribu kuwa msemaji analipa ushuru wa kicheko, na mtu hujifunza haraka kukwepa ushuru. Miaka mitano baadaye kundi linasema, "tulimwita Bubu kwa kuwa haongei," huku sehemu ya ukimya huo wamekuwa wakiujenga wenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto anayeitwa Mjinga nyumbani au Mzembe darasani, na kwa mtoto ni vibaya zaidi kwa kuwa hana jina jingine la kujitetea nalo. Mwalimu akilitamka, hata mara moja kwa mzaha, darasa zima limeshapewa kibali.

Kwa upande mwingine, si kila anayeudhika kwa niaba ya mwingine ana haki ya kuzuia jina. Mtu akija kwako kusema Dakika Tano ni dharau, ilhali mwenye jina ameliandika mwenyewe kwenye kikombe chake, msikilize, mshukuru, na umwache Dakika Tano na jina lake. Tofauti ya malalamiko haya mawili ni rahisi kuiona: uliza jina limemgusa mlalamikaji kwa nini. Likimgusa kwa sababu linataja kitu chake, cha mtoto wake, cha watu wake, ana hoja. Likimgusa kwa sababu hapendi utani kwa jumla, ana maoni. Maoni yaheshimiwe, lakini hayamnyang'anyi mtu jina alilolipenda.

Wapo watakaokwambia majina ya mwili yamekuwepo tangu dunia iumbwe, na hawasemi uongo. Warumi waliyafanya kuwa majina ya ukoo: Strabo ni mwenye makengeza, Caecus ni kipofu. Miongoni mwa wapokezi wa hadithi za Mtume wapo wanaojulikana kwa al-A'mash, mwenye macho dhaifu yanayotoka machozi, na al-A'raj, mwenye kuchechemea. Lakini ukienda kwenye mapokeo hayo hayo utakuta mpaka umewekwa wazi. Qurani, sura ya 49, aya ya 11, inakataza watu kuitana kwa majina ya kejeli. Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alifafanua kwamba lakabu kama hizo huruhusiwa zikiwa za kumtambulisha mtu asiyejulikana kwa jina jingine, zikawa haramu kwa nia ya kumshusha, na kwamba ikiwezekana kumtambulisha kwa njia nyingine, hiyo ndiyo bora. Kipimo hicho kinafaa hata kwa asiye Mwislamu. Jiulize: tunamwita Kipara kwa sababu ndani ya watu 12 hatuwezi kumtofautisha na mwenzake wa jina moja? Kama sivyo, jina halifanyi kazi ya kutambulisha, linafanya kazi ya kuchekesha, na lazima lipimwe kama utani.

Utani unaorudi na usiorudi

Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu uhusiano wa utani, alitenganisha aina mbili: utani wa pande mbili, ambapo kila mmoja ana haki ya kumtania mwenzake, na wa upande mmoja, ambapo mmoja hutania na mwingine hupokea bila kujibu, au hujibu kidogo tu. Pia alionyesha kwamba uhuru huo wa kutaniana umefungwa na desturi: inajulikana ni nani anamtania nani, na kwa nini yule hapaswi kukasirika. Wanaotetea kila mzaha kwa jina la jadi husahau nusu hii ya pili. Utani wa jadi haukuwa soko huria.

Kazini desturi hiyo haipo, kilichopo ni vyeo. Dacher Keltner na wenzake walichapisha mwaka 1998 jaribio lililogusa majina ya utani moja kwa moja. Waliwachukua wanachama wa chama cha wanafunzi wa kiume Marekani, wanne wanne, wawili wenyeji na wawili wapya, wakawataka watungiane majina ya utani na visa vya kuyaelezea. Wenyeji walitania kwa ukali zaidi. Wapya walipowatania wenyeji walilainisha, lakini walipotaniana wao kwa wao ukali ukarudi. Kwa maneno mengine, neno huteremka mlima kwa urahisi kuliko linavyopanda.

Kwa hiyo fanya jaribio dogo kwenye kila jina la kitengo chako: je, anayeitwa anaweza kumpa aliyembandika jina lenye uzito ule ule, leo, mbele ya watu wale wale, na asipate hasara? Kijana wa majaribio anayeitwa Toto na msimamizi wake hawezi kumwita msimamizi Babu Mapengo. Basi hapo hakuna utani, kuna amri iliyovaa kicheko. Nawe kama mkuu, usibandike jina jipya mtu yeyote, hata lile linaloonekana zuri. Likitoka kwako halikataliki.

Kwa watoto shuleni kipimo hiki kina uzito zaidi. Dan Olweus, mtafiti wa mambo ya uonevu aliyefanya kazi zake Norwei, aliutambua uonevu kwa mambo matatu: kukusudia kuumiza, kujirudia, na kutolingana nguvu. Jina la utani tayari lina moja kati ya hayo kwa maumbile yake, kwani jina hujirudia. Likiongezewa wengi dhidi ya mmoja, mwalimu asisubiri mtoto alie ndipo aingilie.

Sheria inasemaje

Kwa ufupi, na utazame sheria ya kazi ya nchi yako pamoja na kanuni za mwajiri wako. Nchi kadhaa zimeacha kutazama nia peke yake. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010, kifungu cha 26, inahesabu kuwa unyanyasaji tendo lisilotakiwa, linalohusiana na mambo kama ulemavu, rangi, jinsia, umri au dini, ikiwa lengo lake au matokeo yake ni kumvunjia mtu heshima au kumtengenezea mazingira ya udhalilishaji. Lengo au matokeo: kimoja kinatosha. Wala haidai kwamba ulemavu uwe wa mlalamikaji mwenyewe, jambo linalomhusu moja kwa moja mzazi aliyekuja kwako. Wakati huo huo inatazama kama ni haki kusema tendo hilo lina matokeo hayo, ili isiwe kila kuudhika ni kesi.

Marekani, mwaka 2005, mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Tisa, inayosikiliza rufaa za majimbo ya magharibi, ilithibitisha ushindi wa mfanyakazi mwenye jina la Kiarabu ambaye mkuu wa kampuni aling'ang'ania kumwita "Manny" akidai jina la Kimagharibi lingependeza zaidi kwa wateja. Mfanyakazi alikataa, akarudia kukataa, mkuu akaendelea. "Manny" si tusi katika lugha yoyote ninayoijua. Kosa lilikuwa kumvua mtu jina lake kwa sababu ya asili yake, na kuendelea baada ya kuambiwa acha. Kwa hiyo vifupisho mnavyowapa watu wenye majina "magumu" navyo viko ndani ya swali lako. Kujifunza jina la mtu huchukua dakika chache: mwombe alitamke, litamke mbele yake, akurekebishe, liandike unavyolisikia.

Namna ya kuyamaliza haya kitengoni

Anza na Bonge, kwa sababu ameshasema na kila siku inayopita unamfundisha kwamba kusema hakusaidii. Mpe neno moja: "Nimekusikia, linaisha." Muulize anataka aitweje, na kama anataka wenzake waambiwe na nani. Wengine hutaka wewe useme. Wengine hutaka kusema wenyewe huku wewe ukiwepo.

Kisha zungumza na wale wawili au watatu wanaolitumia jina sana, mmoja mmoja, si kwenye mkutano. Kila kundi lina watu wachache wanaobeba majina ya utani kama wapiga ngoma. Wakinyamaza wao, ngoma inakufa. Maneno yawe machache: "Kuanzia leo tumwite kwa jina lake. Najua hukuwa na ubaya. Naomba unisaidie na wengine." Usieleze sababu za mtu mwingine. Ukianza kueleza, umefungua mjadala kama sababu inatosha, na haikutakiwa kuwa na mjadala.

Kwa Bubu, nenda kwa dada kwanza, peke yake, kabla hujasema lolote kwa wengine, asije akasikia jina lake limefutwa kama habari ya kikaoni. Na usimuulize "linakuudhi?" Swali hilo linamtaka akiri udhaifu, na jibu la kawaida ni "hapana, mbona sawa tu." Muulize, "Ungependa tukuiteje?" Hapo unamwachia kuchagua bila kumlaumu mtu. Akisema halimsumbui, mwambie bado unaliondoa kwa sababu neno lenyewe linawagusa watu wengine, na si kosa lake. Mzazi usimtaje, si kwake wala kwa yeyote. Katika kitengo cha watu 12, hata kusema "kuna mtu mwenye mtoto" ni kumtaja.

Waliobaki, wapitie kwa swali lile lile ndani ya wiki moja au mbili, mkiwa kwenye kazi za kawaida, bila karatasi wala fomu. Kipara anaweza kukuambia amelizoea na analipenda. Mwamini, ila muulize tena baada ya miezi kadhaa. Dakika Tano usimruke kwa kudhani ni jepesi. Mtu anayechelewesha kazi kwa sababu anauguza mzazi usiku hulisikia jina hilo tofauti na mlivyolitunga.

Weka pia mipaka ya mahali. Jina la utani lililokubalika hubaki miongoni mwa waliolikubali. Lisiingie kwenye barua pepe, ratiba, kitambulisho, ripoti ya utendaji wala mbele ya mteja. Maandishi hayana sauti ya kutania. Anayesoma "Bonge hajamaliza kazi" baada ya miaka mitatu hataona tabasamu la aliyeandika.

Yanayoharibika mara nyingi

Jina likikatazwa, hatari kubwa haiko kwenye ukaidi wa wazi, iko kwenye mzaha wa pili. Mtu atasema, "Jamani, kumradhi, siku hizi haturuhusiwi kumwita yule... yule mheshimiwa." Wote watacheka, na aliyelalamika sasa ana jina jipya ambalo chanzo chake ni malalamiko yake. Hili lizime papo hapo, kwa sauti ya kawaida: "Hilo pia, hapana." Likijirudia, lichukulie kama kulipiza kisasi na lifuate kwa utaratibu wa nidhamu, kwa sababu ndilo linalowafundisha wengine wote wasiseme.

Kosa jingine ni haraka ya kutafuta jina mbadala. Mtu ametoka tu kuvua moja. Mwache akae na jina lake.

Kuteleza kutakuwepo, tena kwingi wiki ya kwanza, kwa kuwa ulimi una mazoea yake. Anayeteleza ajirekebishe kwa neno moja na aendelee na sentensi: "Bonge, aa, Juma, umeleta funguo?" Yatosha. Akisimama kuomba radhi kwa dakika mbili, ameyarudisha macho yote kwa Juma, na sasa Juma ndiye inabidi amtulize. Toa wiki mbili hivi za kuteleza. Baada ya hapo kuteleza kunakuwa kuchagua, na unazungumza naye hivyo.

Nawe Juma ukisoma haya, au yeyote aliye mahali pako: sema mara moja, faraghani, bila maelezo. "Usiniite hivyo. Niite Juma." Usicheke unapolisema, kicheko kitafuta maneno. Likitajwa tena, usigeuke. Subiri mpaka uitwe kwa jina lako ndipo uitike, kwa uso wa kawaida na bila kununa. Ni kazi ya siku kadhaa na inachosha, lakini wito usioitikiwa hufa haraka. Ukiona linaendelea baada ya kusema waziwazi, anza kuandika: tarehe, nani, mahali, nani alikuwepo, uliwajibu nini. Mistari miwili kila mara inatosha, na ndiyo itakayokusaidia ukilazimika kwenda juu zaidi.

Mwisho, mkuu, fungua simu yako utazame ulivyowahifadhi watu hawa 12. Siku simu ikilia juu ya meza ya mkutano na kioo kikaandika "Bubu," kazi yote ya wiki hizo itakuwa imerudi mwanzo. Badilisha majina hayo leo, kabla hujaenda kuzungumza na mtu yeyote.